Anti, ndevu zangu zimeota mvi na leza haizioni

Anti habari za kwako. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo nashika simu kuandika kwa mara ya kwanza, na naomba jina langu usilitoe maana Tanga hii tunajuana, ukipiga chafya Ngamiani kuna mtu Makorora anakuitikia.

Nina miaka 51, watoto wanne, wajukuu wawili. Kazi yangu ni kupamba maharusi. Nachora hina na piko, nasinga liwa, nafukiza udi, na mabibi harusi nawatoa malaika mwili mzima kwa halawa ninayopika mwenyewe, sukari, ndimu na maji kidogo, nachemsha mpaka rangi ije kama asali, nadondosha tone kwenye kikombe cha maji nikiona limeshikana kama ubani hapo najua imeiva. Sijisifu lakini halawa yangu inatafutwa mpaka Pangani. Sasa ndo uone maajabu, mtu kazi yake kuondoa nywele za wenzie halafu yeye mwenyewe ana ndevu.

Zilianza nina miaka kama 44, mbili tatu tu chini ya kidevu, nyeusi, nikawa nang'oa kwa kibano basi. Nilipokaribia kukoma hedhi zikaongezeka, zikapanda mpaka kwenye taya, na juu ya mdomo nako. Halafu kama miaka miwili iliyopita zikaanza kutoka nyeupe. Anti, zile nyeusi zilikuwa na adabu kidogo, hizi nyeupe zimesimama kama nyuzi za mkonge! Ukipitisha kidole unazisikia kabla hujaziona, na kwenye kioo cha ndani huzioni kabisa ila ukitoka nje tu ukajitazama kwenye kioo cha bajaji, mungu wangu, zinang'aa. Juzi nilikaa uani na kioo nikazihesabu, nyeupe 43 upande wa kidevu na taya tu, mdomoni sikuhesabu nikakata tamaa.

Kilichonifanya niandike ni mwezi uliopita. Nimeinama namchora bibi harusi mkono, nimekaa karibu na dirisha ili nipate mwanga, kumbe huo mwanga ndo unanianika. Mdogo wake bibi harusi, katoto ka miaka sita hivi, kalikuwa kamekaa chini kwenye mkeka kananitazama kutokea chini, mara nikakasikia "Mama, mbona somo ana ndevu za babu?" Chumba kizima kimya. Mama mtu akakafinya, halafu mashangazi wakaanza kuongea wote kwa pamoja habari za mapazia. Mi nikajifanya simu inaita nikatoka nje. Nimerudi ua la piko limekauka na mkono umetetemeka, ikabidi nilifanye jani.

Nilivyojaribu ni vingi. Halawa yangu mwenyewe, ikanitoa vipele na madoa meusi kidevu kizima, na zile fupi zinakatika zinarudi kuotea ndani ya ngozi. Uzi, hivyohivyo. Mwaka jana mwanangu wa kike aliyeko Dar akanipeleka sehemu wanafanya leza, wakanihakikishia mara sita tu hazioti tena milele. Nimepanda basi Tanga Dar mara sita Anti, na hela niliyotoa ningenunua cherehani mbili. Nyeusi kweli zimepungua sana, siwezi kusema uongo, ila nyeupe hata moja haikutoka, yaani sasa hivi ndo zinaonekana zaidi maana zimebaki peke yao. Nilivyowauliza mmoja akasema niongeze mara tatu, mwingine akasema nipake piko kidevuni kwanza nikija rangi itashika na leza itaziona. Piko! Mi ndo mwenye piko, nikasema hapa ngoja kwanza niulize.

Dada yangu yuko Muscat kanitumia chupa ya mafuta ya mayai ya siafu, anasema kule wanaapa nayo. Wateja wangu wananiambia papai bichi na manjano. Na kwenye simu naona tangazo la kibano cha umeme, unashika unywele kinabip, wanasema haurudi na huumwi. Usoni napaka tu krimu ya kung'arisha anayonichanganyia mama mmoja hapa sokoni, natumia mwaka wa tano huu na ngozi ilikuwa haina neno mpaka hizi ndevu.

Swali langu, kuna njia ya kuzimaliza hizi nyeupe moja kwa moja au nikubali tu? Na je ni dhambi, maana kuna shoga yangu kaniambia mvi haing'olewi, ni nuru. Na la mwisho naona aibu kuuliza, mume wangu hajui. Akinikuta na kibano namwambia natoa mwiba. Nimwambie au ninyamaze?

Mpambaji, Tanga

*

Somo, kwanza pole, halafu nisamehe maana hapo kwenye ua lililogeuka jani nimecheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuniuliza kulikoni.

Nianze na hiyo leza kwa sababu ndo imekula hela yako. Wewe wa Tanga jua unalijua. Chukua buibui jeusi na kanga nyeupe uvianike saa saba mchana, baada ya robo saa ukishika buibui linakuchoma, kanga wala. Leza ndo ilivyo. Ule mwanga unatafuta weusi, ile rangi asilia iliyomo ndani ya unywele inayoitwa melanini, ukiipata unageuka joto na joto linashuka kuunguza shina. Udevu wa mvi hauna melanini. Mwanga unapita kama haujaona kitu. Kwa hiyo hata wakuongezee mara tatu, hata thelathini, zile 43 zitakuwa zimekaa palepale zinakutazama. Aliyepokea hela yako alitakiwa akushike kidevu, akutazame kwenye mwanga, akwambie dada hizi nyeusi nitakupunguzia, nyeupe siziwezi. Hakusema, na hilo ni kosa lake sio lako.

Tena hata kwa hizo nyeusi neno "milele" ni la kibiashara. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, wauzaji wa mashine za leza inawaruhusu kusema zinapunguza nywele kwa kudumu, kuondoa kwa kudumu hawaruhusiwi kulisema. Na wanawake wenye ndevu za homoni wengine leza huwageukia kabisa, sehemu zilizokuwa na malaika laini zinaanza kutoa nywele ngumu, sio wengi lakini wapo. Ila nikupe na upande wa pili, kama bado zimebaki nyeusi na hazijageuka basi leza ina kazi yake kwa hizo, mradi kwa ngozi yetu hii watumie leza ya aina inayoitwa Nd:YAG ya nanomita 1064 (hicho ni kipimo cha wimbi la mwanga wake), inashuka chini bila kuhangaika sana na weusi wa ngozi. Udevu ukishageuka mweupe nafasi imepita.

Habari ya piko, wewe unaijua piko kuliko mimi. Umeshawahi kuona imeingia kwenye shina? Inapaka unywele uliotoka nje, kule chini kwenye mzizi haifiki, na leza inataka weusi mpaka chini ili joto lifike panapozaa unywele. Halafu ndani ya piko kuna ile PPD, kemikali ya rangi nyeusi, ambayo nina hakika umeshaona bibi harusi mmoja mkono umemvimba malengelenge siku mbili kabla ya ndoa. Sasa weka hiyo kwenye kidevu chenye vipele. Aliyekushauri hivyo usirudi kwake.

Haya, sasa jibu la swali lako: ndiyo ipo njia, na ni moja. Inaitwa elektrolisisi. Lishike hilo neno vizuri maana ukifika saluni ukasema tu "nataka kutoa nywele moja kwa moja" watakurudisha kwenye leza, ndo mashine waliyonunua.

Sio kitu kipya cha wazungu wa juzi. Mwaka 1875 daktari wa macho mjini St. Louis kule Marekani, Charles Michel, alikuwa na wagonjwa ambao kope zimegeukia ndani zinakwangua jicho, hali ileile ambayo trakoma inawaletea watu wa kwetu wanatembea na kibano shingoni. Aliona kung'oa hakusaidii kwa sababu zinaota tena, akaingiza waya mwembamba kwenye kitundu cha kope akapitisha umeme kidogo wa betri, kope ikatoka haikurudi. Mpaka leo kanuni ni ileile, sindano nyembamba kama unywele wenyewe inateleza ndani ya kitundu ambacho udevu umetokea, haitoboi ngozi, inafuata njia ambayo tayari ipo, ikifika chini umeme unaua shina. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, haijali, sababu haitafuti rangi, inatafuta kitundu.

Umeme wenyewe una namna tatu. Ya kwanza na ya kale zaidi ni umeme wa taratibu unaobadilisha chumvi na maji yaliyomo kwenye kitundu yanakuwa kostiki soda, hiyohiyo ya kutengenezea sabuni, ni chembe ndogo sana lakini inatosha kuyeyusha shina. Ni ya uhakika ila kila unywele unachukua muda, hata dakika nzima au zaidi. Ya pili ni ya joto, inaitwa thamolisisi, hiyo ni sekunde tu. Ya tatu inachanganya zote mbili wanaita blendi, na kwa ndevu ngumu zilizopinda baada ya kung'olewa miaka na miaka kama za kwako wengi wanaichagua hiyo. Mi sio wa kukuchagulia, anayeshika sindano awe anajua kazi, hilo linazidi aina ya umeme.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kuandika hapa. Mimi mwenyewe nimefanya. Nilikuwa nakaa kwa mdogo wangu Leicester, Uingereza, nina miaka 53, ndevu zangu zilikuwa chache kuliko zako lakini zote nyeupe na moja ilikuwa pembeni ya mdomo kabisa, nikila ubwabwa inabeba punje. Nikalazwa kwenye kitanda, taa kali juu ya uso, yule mama kavaa miwani yenye lenzi kama ya fundi saa. Anashika udevu kwa kibano, anaingiza sindano, husikii kitu, halafu tii! Umewahi kurukiwa na mafuta ya vitumbua mkononi? Ndo hivyohivyo, kidogo, halafu inaisha. Kidevuni navumilia. Juu ya mdomo machozi yanatoka yenyewe, huombwi, na pua inawasha unataka kupiga chafya na huruhusiwi. Kuna kajiharufu ka nywele iliyoungua. Halafu anavuta udevu na hapo ndo pa kutazama, udevu ulioshughulikiwa sawasawa unateleza tu unatoka kama uzi kwenye siagi, ukisikia umevutwa ukauma kama unavyong'oa mwenyewe basi haujafa, umeng'olewa tu, utarudi. Mwambie palepale, usione haya.

Nikatoka hapo kidevu chekundu, sawa chekundu kwa rangi yangu ni kahawia iliyoiva, kimevimba vimba kama nimeumwa na mbu kumi na tano. Kesho yake kimetulia. Siku ya tatu vikatokea vigaga vidogo kama vichwa vya pini na mdogo wangu akanipiga mkono kila nikivigusa, ukivibandua mapema ndo unapata alama. Ngozi nyeusi alama zinakaa miezi, wewe unajua madoa ya halawa yanavyong'ang'ania, kwa hiyo mara ya kwanza mwambie akujaribishie ndevu tano sita tu chini ya taya sehemu isiyoonekana, usubiri wiki mbili tatu uone ngozi yako inasemaje. Na kama ulipotoboa sikio kovu lilivimba likawa kama punje ya harage, hiyo ni keloidi, mwambie kabla hajawasha mashine na yeye atakwambia kama aendelee au laa. Mwenye mashine ya moyo pia asifanye bila daktari wake.

Usidhani ni mara moja. Hizo 43 ulizohesabu ni zilizotoka nje siku uliyokaa uani na kioo. Kuna zingine chini zimelala, zitatoka baada ya wiki au miezi, na nyingine umeng'oa juzi kitundu kiko tupu. Kila udevu unapatikana vizuri ukiwa kwenye kipindi chake cha kukua, kwa hiyo unarudi, mwanzoni kila wiki mbili tatu, halafu mwezi, halafu miezi miwili, jumla mwaka mpaka mwaka na nusu, wengine zaidi. Raha yake ni kwamba kila ukirudi muda unapungua. Kwa idadi yako nusu saa inaweza kusafisha kidevu chote mara ya kwanza kama ni ile ya joto. Mwenye ndevu 43 yuko kwenye bahati, elektrolisisi inachosha kwa miguu na mapaja, ila kwa kidevu ndo mahali pake hasa. Uliza wanatoza kwa dakika au kwa mara, kwako wewe dakika ni nafuu zaidi.

Mengine ya kuuliza kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu. Sindano mpya, ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako, akikwambia huwa anaichemsha, wewe shuka kitandani uondoke, homa ya ini na ukimwi haviangalii umri. Aone nyeupe, maana wengine taa zao hafifu wanabaki kupapasa. Na iwe sindano kweli. Hicho kibano cha umeme cha kwenye simu kinajidai kupitisha umeme kwenye unywele mpaka shinani, na unywele umeme haupiti vizuri, kwa hiyo ulichonunua ni kibano cha bei mbaya chenye kelele. Vile vimashine vya mwanga vya kutumia nyumbani ni ndugu wa leza, na kwa ngozi yetu vinaweza kuunguza juu ya kushindwa mvi. Mafuta ya siafu mshukuru dada kwa upendo wake, uyaweke kabatini. Papai bichi pika.

Lakini kabla ya sindano kuna mahali nataka uende kwanza, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeandika hiyo krimu ya sokoni kama kitu cha kupita, mi nimeisoma mara tatu. Miaka mitano! Hizo krimu za kuchanganywa kienyeji, mkorogo tuseme ukweli, mara nyingi ndani yake kuna steroidi, betamethasoni au klobetasoli, dawa ya hospitali kabisa, na mojawapo ya madhara yake ukiipaka usoni muda mrefu ni kuotesha nywele hapohapo unapopaka. Inaweza kuwa unalipa hela asubuhi kung'oa na jioni unapanda. Tena inapunguza unene wa ngozi, ndo maana halawa ile ile inayomtoa bibi harusi akiwa laini wewe inakuacha vipele, huenda mkono wako hauna kosa. Ila usiiache ghafla kesho asubuhi ukasema anti kasema, ngozi iliyozoea steroidi ukiikatia mara moja inawaka, inavimba, inatoa chunusi, na wengi wakiona hivyo wanarudi mbio kwa mama wa sokoni. Mpelekee daktari wa ngozi hicho kikopo chenyewe, akuonyeshe namna ya kuiacha. Nenda Muhimbili kwa kuwa mwanao yuko Dar, au panda basi la Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichoanza 1992, wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea pale. Mwulize huyohuyo daktari elektrolisisi inapatikana wapi kwa mtu anayemwamini, maana saluni tu za mtaani sikupendekezei.

Daktari atakuuliza na habari za homoni. Ukikoma hedhi ile homoni ya kike inashuka sana, homoni za kiume ambazo kila mwanamke anazo kidogo zinabaki zinatamba, ndo ndevu zinatokea, hiyo ni kawaida na kwa jinsi zako zilivyokuja taratibu miaka saba sina wasiwasi mkubwa. Wasiwasi ni kwa yule ambaye zimeota kwa miezi michache tu, sauti imekuwa nzito, nywele za mbele za kichwa zinapungua, misuli imejaa, huyo asihangaike na kidevu, aende hospitali wiki hii apimwe kwa sababu inaweza kuwa uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi iliyo juu ya figo. Kuna vidonge kama spironolaktoni vya kupunguza nguvu ya homoni ya kiume, vinachukua kama miezi sita kuonekana, wenye shida ya figo hawapewi ovyo, na haviondoi udevu uliokwisha ota. Sindano vilevile, inaua kitundu kilichopo, haizuii kitundu kingine jirani kuamshwa na homoni mwakani. Ndo maana nasema daktari kwanza.

Kuna na krimu moja ambayo hadithi yake inanikera kila nikiikumbuka, ngoja niitoe. Eflonithini. Hii ilikuwa dawa ya malale, ugonjwa wa mbung'o, ule wa Kongo, Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda (malale ya kwetu Tanzania ni aina nyingine, haiisaidii). Ilikuwa inaamsha watu waliokwisha poteza fahamu. Miaka ya tisini watengenezaji wakaona wagonjwa wenyewe maskini, haina faida, uzalishaji ukasimama. Halafu ikagundulika inachelewesha nywele kuota, na mwaka 2000 FDA wakaipitisha kama krimu ya ndevu za wanawake, jina la dukani Vaniqa, na ghafla kukawa na soko. Mwaka 2001 ndo yakafanyika makubaliano na Shirika la Afya Duniani dawa ya malale ikarudi. Yaani uso wa mwanamke tajiri ulikuwa na uzito kuliko roho ya mtu wa Kongo. Haya nimemaliza. Krimu yenyewe haijali mvi wala nyeusi, inapunguza kasi tu, unapaka mara mbili kwa siku kama wiki nane ndo unaona tofauti, wengine hawaoni kabisa, na ukiacha baada ya wiki nane nyingine umerudi ulipokuwa. Sio ya kudumu, ni ya kusaidiana na sindano kama ukiipata.

Huku unasubiri, kibano weka chini. Najua ni vigumu. Ukifika kwa mwenye sindano bila udevu hana cha kufuata, na kila unavyong'oa mzizi unazidi kupinda. Nyoa. Ndiyo, kijiwembe kidogo cha nyusi, asubuhi baada ya kuoga, kufuata unakolala udevu, au kata na mkasi mdogo. Zinarudi nyingi zaidi ukinyoa? Hapana, ni uzushi, wembe unakata juu, haujui kinachoendelea chini, ila ncha iliyokatwa inakuwa butu ndo maana ukigusa unaona zimekuwa ngumu. Siku tatu nne kabla ya miadi acha kunyoa zitoke kidogo ashike, na hizo siku usichukue bibi harusi wa karibu na dirisha.

La dini mi sio shehe, nenda kamuulize wa msikitini kwako, lakini mumtendee haki anayejibu, mwambie ni ndevu za mwanamke sio mvi za kichwani. Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani tuliolelewa kwenye madhehebu ya Shafii tunamsoma madrasa, kaandika kwamba mwanamke akiotwa na ndevu au sharubu kuziondoa sio haramu, bali ni jambo linalopendeza. Huyo shoga yako mwambie nuru ibaki kichwani.

Na mume. Somo, umeandika una wajukuu, kwa hiyo mmeishi pamoja miaka mingapi, zaidi ya ishirini na tano? Na miaka saba yote hii anakukuta uani na kioo na kibano, unamwambia natoa mwiba. Kidevuni. Kila wiki. Mwiba gani huo wa kidevuni usioisha miaka saba? Anajua huyo. Mwambie tu nauli ya Moshi ni shilingi ngapi.